Kipeo na kipeuo: Irabu moja inavyofumbua hesabu inayowatatiza wanafunzi

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, alikuwa ameketi mezani kwangu akikuna kichwa. Daftari lake lilikuwa na swali moja tu ambalo alikuwa ameliandika, akalifuta, kisha akaliandika tena. Swali lilimtaka achukue namba nane iliyopandishwa kwa kipeo cha theluthi mbili, aiandike kwa alama ya kipeuo (hii hapa: √), halafu airahisishe hadi mwisho.

Nilipochungulia, alifunika daftari kwa kiganja.

“Babu, hii ni hesabu,” akasema. “Haina Kiswahili.”

Sikukasirika. Nilimwuliza tu moja juu ya tano huitwaje. “Humusi,” akajibu. Juu ya sita? “Sudusi.” Na juu ya tisa? “Tusui,” akasema bila kusita, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya majina. Basi nikamwuliza ni lini amewahi kuyatumia maneno hayo. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la ajabu. “Kwenye mtihani wa Kiswahili.”

Hapo ndipo nilipoona ugonjwa ulipo. Mtoto huyu ana akisami zote kichwani, kutoka nusu hadi ushuri. Anazo kama vile mtu alivyo na funguo za nyumba asiyoijua. Mwalimu wa Kiswahili alimpa majina bila namba, naye mwalimu wa Hisabati akampa namba kwa lugha nyingine. Mlango uko palepale, funguo zipo, lakini hakuna aliyemwambia kwamba hizi ni za kufungua ule.

Makala ya leo, kwa hivyo, yataingia darasa la Hisabati kupitia mlango wa lugha. Kwa makusudi nitaviandika vipeo vyenyewe kwa maneno, ili msomaji aamue mwenyewe kama Kiswahili kinaweza au hakiwezi.

Kupea na kupeua

Tuanze na neno kipeo. Linatokana na kitenzi pea, yaani kufikia ukamilifu au kilele. Upeo wa macho ni mahali macho yanapofikia kikomo. Katika hisabati, kipeo huonyesha namba inazidishwa kwa yenyewe mara ngapi. Mbili kwa kipeo cha tatu ni 2 × 2 × 2, yaani 8. Namba imepandishwa.

Sasa linganisha kipeo na kipeuo. Tofauti ya maneno haya mawili ni irabu moja tu, u. Lakini kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua u hiyo hufanya nini ikiingia katika kitenzi. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Wanaisimu huiita kauli ya kutendua: kilichotendwa kinarudishwa kilivyokuwa. Kipeo kikiipandisha mbili hadi ikawa nane, kipeuo huirudisha nane ikawa mbili. Kipeuo cha tatu cha 8 ni 2. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5.

Lugha nyingine zilichukua njia tofauti. Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, na ambaye kitabu chake kimeupa ulimwengu neno aljebra, alitumia neno la Kiarabu lenye maana ya mzizi. Wafasiri wa Kilatini wakaandika radix, yaani mzizi vilevile, na Kiingereza kikarithi kutoka huko. Ni taswira nzuri: namba inaota kutoka kwa mzizi wake. Hata hivyo, taswira hiyo haimwambii mwanafunzi afanye nini. Neno kipeuo linamwambia: tendua.

Ndiyo maana naomba wahariri na wachapishaji wawe macho hapa. Kipeo cha pili cha 9 ni 81, ilhali kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Irabu ikidondoka katika kupiga chapa, mtoto atakosa swali si kwa kutojua hesabu, bali kwa uzembe wa mtu mwingine.

Nusu ya safari si nusu ya faida

Mjukuu wangu alikuwa na pingamizi la haki. “Babu, naelewa kuzidisha kitu mara tatu. Lakini nitakizidishaje mara nusu?”

Swali hili ni zuri na aghalabu halijibiwi. Wengi wetu tuliambiwa, “Ni kanuni, ikariri.” Tukaikariri, tukapita mtihani, tukaisahau kabla ya kufika nyumbani.

Tutumie chama. Tuseme umeweka Sh100,000 katika chama ambako fedha hukua kwa asilimia 12 kila mwaka, na faida nayo huzaa faida. Mwaka ukiisha utakuwa na Sh112,000. Yaani fedha zimezidishwa kwa 1.12. Sasa baada ya miezi sita unataka kutoka. Utapewa ngapi?

Wengi watasema nusu ya asilimia 12 ni 6, kwa hivyo Sh106,000. Lakini hebu tupime. Kama kila nusu mwaka fedha zingekua kwa asilimia 6, Sh106,000 zingekuwa Sh112,360 mwishoni mwa mwaka. Zimepita tulikoahidiwa. Tunachotafuta ni kizidishi ambacho kikifanya kazi mara mbili mfululizo, kitatupa 1.12 barabara. Namba inayojizidisha mara mbili ikatoa 1.12 si nyingine ila kipeuo cha pili cha 1.12, ambacho ni takriban 1.0583. Haki yako ni kama Sh105,830.

Hiyo ndiyo maana ya kipeo cha nusu. Hakizidishi kitu “mara nusu”. Ni hatua ambayo ukiipiga mara mbili umekamilisha safari nzima. Kipeo cha theluthi ni hatua unayoipiga mara tatu ndipo ufike. Kipeo cha robo, mara nne.

Kanuni ya shule inaafikiana na jambo hili. Tunapozidisha namba zenye msingi mmoja, vipeo hujumlishwa: mbili kwa kipeo cha pili mara mbili kwa kipeo cha tatu ni mbili kwa kipeo cha tano, yaani 4 × 8 = 32. Basi tisa kwa kipeo cha nusu mara tisa kwa kipeo cha nusu lazima iwe tisa kwa kipeo cha moja, kwa kuwa nusu na nusu ni moja. Namba inayojizidisha ikatoa 9 ni 3. Kwa hiyo tisa kwa kipeo cha nusu ni √9.

Wazo hili si jipya. Nicole Oresme, msomi wa Ufaransa, alikuwa akicheza na vipeo vya akisami katika karne ya 14. Alama ya √ ilionekana katika kitabu cha Mjerumani Christoff Rudolff mwaka wa 1525. Naye Isaac Newton, katika barua yake ya Juni 1676, alitumia vipeo vya akisami waziwazi badala ya alama za vipeuo. Tangu hapo tunaishi na maandishi ya aina mbili kwa jambo moja, na kazi ya mwanafunzi ni kuvuka kutoka kwa moja hadi kwa jingine bila kuzama.

Soma kama unavyosema

Turudi kwa nane na theluthi mbili yake. Wenzetu wa Tanzania, ambao hufundisha Hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi, huiita namba ya juu ya akisami kiasi, na ya chini huiita asili. Sijui kama kuna istilahi zinazoweza kumsaidia mwanafunzi wa vipeo kuliko hizi mbili. Asili hukurudisha kwenye asili: ndiyo inayotaja kipeuo. Kiasi hukuambia upandishe kwa kiasi gani: ndicho kinachotaja kipeo.

Kuna na la ziada. Kiswahili hutanguliza nomino, kisha idadi. Tunasema vitabu viwili, watu watatu. Vivyo hivyo tunasema theluthi mbili, robo tatu, humusi nne. Asili hutajwa kwanza, kiasi hufuata. Kiingereza hufanya kinyume.

Je, hilo lina maana gani? Lina maana kwamba mwanafunzi akiisoma akisami kwa Kiswahili, neno kwa neno, ulimi wake unampa utaratibu wa kukokotoa. Theluthi: tafuta kipeuo cha tatu cha 8, ni 2. Mbili: pandisha 2 kwa kipeo cha pili, ni 4. Kwisha.

Jaribu thelathini na mbili kwa kipeo cha humusi tatu. Humusi: kipeuo cha tano cha 32 ni 2. Tatu: 2 kwa kipeo cha tatu ni 8. Ukianza na kiasi, itakubidi kwanza uzidishe 32 × 32 × 32 upate 32,768, halafu uanze kusaka kipeuo cha tano cha lidude hilo. Jibu litakuwa lilelile 8, maana hisabati haijali umeanzia wapi. Anayejali ni mtoto mwenye dakika mbili za kujibu swali.

Sidai kwamba waliotuachia akisami hizi kutoka Kiarabu walikuwa wakifikiria vipeo. Hii ni bahati ya sarufi. Lakini bahati ikibisha hodi, kwa nini tusiifungulie?

Kurahisisha hadi mwisho

Mitihani haitosheki na kipeuo chochote. Hutaka umbo sahili kabisa. Mjukuu wangu alidhani “sahili” ni suala la macho tu, jibu lipendeze. La hasha. Kuna masharti matatu.

La kwanza: kisibaki ndani ya alama kitu kinachoweza kutoka. Sabini na mbili kwa kipeo cha nusu ni √72. Lakini 72 ni 36 × 2, na 36 ina kipeuo chake kamili, 6. Basi 6 hutoka nje, 2 isiyo na njia hubaki ndani: 6√2. Hamsini na nne kwa kipeo cha theluthi ni kipeuo cha tatu cha 27 × 2. Hutoka 3, hubaki kipeuo cha tatu cha 2.

Herufi nazo hufuata sheria hiyo. Chukua x kwa kipeo cha theluthi saba. Mtu yeyote aliyewahi kugawa mkate anajua theluthi saba ni mikate miwili mizima na theluthi moja. Mbili nzima hutoka nje zikawa x kwa kipeo cha pili. Theluthi iliyosalia hubaki ndani, kipeuo cha tatu cha x. Jibu: x²∛x.

La pili: akisami yenyewe iwe imefupishwa. Tisa kwa kipeo cha robo inaonekana kudai kipeuo cha nne. Lakini 9 ni 3 kwa kipeo cha pili. Kwa hivyo tuna tatu kwa kipeo cha robo mbili, na robo mbili ni nusu. Jibu ni √3, na ile nne imeyeyuka.

La tatu: kipeuo kisikae chini ya mstari wa akisami. Mbili kwa kipeo cha hasi nusu ni 1 gawanya kwa √2, kwa sababu kipeo hasi hugeuza namba juu chini. Tukizidisha juu na chini kwa √2, tunapata √2 gawanya kwa 2. Wanafunzi huona hii ni desturi isiyo na maana. Kabla ya kikokotoo ilikuwa na maana kubwa. Kugawa 1 kwa 1.414 kwa kalamu ni adhabu, ilhali kugawa 1.414 kwa 2 ni kazi ya mdomo: 0.707.

Tahadhari moja. Haya yote yanasimama imara namba ya msingi ikiwa chanya. Kipeuo cha tatu cha hasi 8 ni hasi 2, hilo halina ubishi. Lakini theluthi moja ni sawa na sudusi mbili, na ukienda kutafuta kipeuo cha sita cha hasi 8 miongoni mwa namba za kawaida, hutakipata. Akisami ni ileile, njia mbili, na moja imeziba. Ndiyo sababu vitabu makini huweka sharti mapema kwamba x ni chanya. Mwalimu asiliruke sharti hilo.

Mshtarii na nusu tatu

Msomaji anaweza kusema, haya ni ya darasani, yana faida gani nje? Nimetaja chama. Acha nitaje mbingu pia.

Mwaka wa 1619 Johannes Kepler alichapisha kanuni kuhusu sayari zinavyolizunguka jua. Tukipima umbali wa sayari kwa kulinganisha na umbali wa dunia kutoka kwa jua, basi miaka ya mzunguko wake ni umbali huo kwa kipeo cha nusu tatu. Soma kwa Kiswahili: nusu, tafuta kipeuo cha pili, tatu, pandisha kwa kipeo cha tatu. Sayari ambayo ingekuwa mara 4 ya umbali wetu, kipeuo ni 2, kipeo cha tatu ni 8. Ingechukua miaka 8.

Mshtarii, sayari ambayo kila mtoto wa shule ya msingi nchini amewahi kuikariri, iko takriban mara 5.2. Kipeuo cha pili cha 5.2 ni kama 2.28. Pandisha kwa kipeo cha tatu, utapata karibu 11.86. Na kweli, Mshtarii huchukua chini kidogo tu ya miaka 12 kulizunguka jua. Jina la sayari na jina la akisami, yote mawili tuliyafunza katika somo la Kiswahili. Hatukuwahi kuyakutanisha.

Walimu wawili, meza moja

Nieleweke vyema. Sisemi tubadilishe lugha ya mtihani wa Hisabati kesho asubuhi. Mjukuu wangu ataufanya kwa Kiingereza na lazima azijue istilahi za Kiingereza. Ninachosema ni kwamba kueleza si sawa na kutahini. Mwalimu anayeona darasa limekwama ana haki ya kuchota katika lugha ambayo Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, imeitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Dai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sayansi limezeeka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990. Maneno yapo. Tulichokosa ni mazoea ya kuyafanyisha kazi.

Hivyo basi, pendekezo langu ni dogo. Mwalimu wa Kiswahili anapofunza akisami, asiishie kwenye orodha. Awape wanafunzi wagawe, wajumlishe na wapime kwa akisami hizo. Naye mwalimu wa Hisabati anapofika kwenye vipeo, awaulize wanafunzi wanaisemaje namba hiyo kwa Kiswahili. Wakae meza moja, hata kwa kikombe kimoja cha chai, walinganishe maandalio yao ya somo.

Nilimwachia mjukuu wangu swali la mwisho: themanini na moja kwa kipeo cha robo tatu. Alifumba macho. “Robo, kipeuo cha nne, tatu. Tatu, kipeo cha tatu... ishirini na saba.” Hakuandika kitu.

Kisha akanigeuzia kibao. “Na kwenye kile chama, Babu, kama mtu anataka kutoka baada ya mwezi mmoja? Hiyo ni moja juu ya kumi na mbili. Inaitwaje?”

Nikakiri kwamba akisami tulizorithi zinaishia kwenye ushuri, moja juu ya kumi. Baada ya hapo tunasema tu sehemu moja ya kumi na mbili.

“Basi ni kipeuo cha kumi na mbili,” akasema, akavuta kikokotoo.

Alipata 1.0095, yaani chini ya asilimia moja kwa mwezi. Akaandika jibu hilo daftarini, na kando yake, kwa herufi ndogo, akaandika maneno mawili: kipeo, kipeuo. Ile u akaipigia mstari.